Mashine Isiyoipenda Ngamiani

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana nisipokiri jirani yangu ataisimulia yeye, na akisimulia yeye huongeza chumvi mpaka hadithi haifai kuliwa. Siku ya kwanza kujivalisha mashine yangu ya insulini bila nesi kunisimamia, nilioga, nikajifuta, nikajipaka mafuta ya nazi kuanzia kisigino mpaka nyuma ya sikio kama mama yangu alivyonilea, halafu ndipo nikabandika plasta tumboni. Ikashika. Ilishika muda wa kuchemsha chai. Nilipoinama juu ya sufuria kukoroga shira ya kashata, plasta ikateleza taratibu, pamoja na kile kimrija chembamba kinachoingia mwilini, vikaning'inia mbele yangu kama ndoano, halafu vikachovya sufuriani.

Kwa hiyo siku ile insulini na sukari vilikutana uso kwa uso, ila si mahali daktari alipokusudia.

Sufuria ile niliimwaga. Naapa niliimwaga. Nasema hivi kwa sababu kuna wateja wangu mpaka leo wananiuliza.

Ndiyo, nina kisukari na ninauza kashata. Kisukari kilinipata nikiwa kidato cha tatu, kile cha kuishi kwa sindano, na kashata nilirithi kwa mama pamoja na sinia zake mbili na ulimi wake. Watu huniuliza, huogopi kukaa na sukari siku nzima? Nawajibu, mbona mchimba kaburi halali humo. Wakiondoka nalamba kijiko kidogo, kuonja tu.

Naishi Ngamiani, nyumba ya vyumba sita na ua mmoja, na kama si lazima sitoki. Soko liko hatua chache na bado naliona mbali. Nazi naletewa, sukari naletewa, habari za mji naletewa hata nisizoziagiza. Anayeleta habari ni huyo jirani. Ni mama mtu mzima, mjane, chumba chake kinatazamana na changu, na tangu asubuhi mpaka alasiri amekaa juu ya jamvi mlangoni pake akisuka ukili wa mikeka. Vidole vyake havihitaji macho, kwa hiyo macho yake yako huru kwa kazi nyingine, na kazi hiyo ni mimi. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, hata tukiwa tumegombana jana yake. Naye huitikia marahaba, kisha tunaendelea pale tulipoachia.

Mashine yenyewe aliniletea dada yangu anayeishi Maskati. Ni ndogo, unaweza kuisahau mfukoni. Ndani kuna insulini, inapita kwenye mrija mrefu mpaka kwenye plasta, na chini ya plasta kuna hicho kimrija laini, urefu wake kama punje ya mchele, kinachokaa ndani ya ngozi. Kila baada ya siku tatu unakitoa na kuchoma kingine pahali pengine. Inatia dawa kidogo kidogo mchana kutwa, usiku kucha, haichoki wala hainisuti.

Na mimi niliipenda kwa sababu moja. Zamani, nilipokuwa nikijidunga, sukari yangu ilikuwa na tabia ya kushuka bila hodi. Mara ya mwisho ilishuka nikiwa msibani mtaa wa pili, nakata vitunguu pamoja na wenzangu. Nilianguka juu ya mafiga. Wafiwa wakamwacha maiti wao ndani, wakatoka kuja kunimwagia maji mimi. Nyusi yangu ya kushoto ina kovu mpaka leo. Tangu hapo nikienda msibani wananikalisha pembeni na mgonjwa wa miguu, wananipa tasbihi, kisu hawanipi. Mwanamke wa Tanga asiyeaminiwa kisu msibani ni nusu mtu. Mashine ndiyo iliyonirudishia kisu. Mwezi wa pili tu tangu niivae nilipika pilau ya hitima, sufuria ya watu wengi, na nikatoka pale kwa miguu yangu.

Sasa ndiyo ikaanza kuziba.

Mtindo ulikuwa ule ule. Asubuhi mzima, naimba. Ikifika adhuhuri mdomo umekauka kama nimekula majivu, maji nakunywa hayakati kiu, chooni siendi, nahamia. Nachukua kipimo, nakitoboa kidole: kumi na nane, na haitakiwi kupita kumi. Ishirini na moja. Nang'oa plasta, nakuta kile kimrija laini kimepinda kama mguu wa mende aliyekufa. Najidunga sindano ya akiba, nabandika kingine, jioni natulia. Kesho kutwa, yale yale.

Nesi wa kliniki alinipokea vizuri mara ya kwanza. Binti mdogo, mpole, mwandiko mzuri. Akaniuliza naandaaje ngozi, nikamwambia habari ya mafuta ya nazi. Akafumba macho kidogo.

"Mama, pale unapobandika usipake kitu. Osha kwa sabuni, kausha, ngoja ngozi ikauke kabisa ndiyo ubandike."

"Hata kidogo tu?"

"Hata kidogo."

Nikatii. Ngozi ya tumbo langu ikapauka kama ya mtu asiye na kwao, lakini plasta zikaanza kushika kwelikweli. Kuanguka kukaisha. Kuziba hakukuisha.

Basi nikaanza kushuku. Kwanza nikashuku insulini, kwamba joto limeiua. Huwa naiweka kwenye kijungu kidogo cha udongo ndani ya mtungi wa maji, kama nilivyofundishwa zamani, kwa sababu umeme wetu na jokofu langu hawana ndoa ya kudumu. Nikaubadilisha mtungi, nikausogeza pembeni penye kivuli zaidi. Ikaziba. Nikashuku sanduku la vifaa, nikampigia dada Maskati nikawatukana waliotengeneza. Akaniletea sanduku jingine, nalo likaziba. Nikampigia shangazi yangu wa Mkwaja, ambaye kila kitu kwake kina mwenyewe.

"Plastiki imeingia mwilini mwako," akasema, "je, walio nawe wameombwa ruhusa?"

"Nani walio nami, shangazi?"

"Wewe uliza tu. Fukiza ubani."

Nikafukiza. Nikaishika mashine juu ya chetezo kwa adabu zote, mkono mmoja nimeziba pua. Ikanukia vizuri sana siku nzima. Ikaziba saa nane.

Katikati ya haya nikaenda Ushongo, kwenye harusi ya mpwa wangu. Nilienda kwa kulazimishwa, nilikaa siku sita kwa kulazimishwa, na kwa vile mimi ndiye mama mkubwa, sikuruhusiwa kugusa hata mwiko. Nilikaa kwenye kiti chenye mito, nikaletewa samaki, nikaletewa juisi ambazo nilizitazama tu. Na mashine ile, wallahi, ilifanya kazi siku zote sita bila kosa. Vimrija viwili, vyote nilivitoa vimenyooka kama alifu.

Nikarudi na jibu langu tayari. Nikamwambia jirani kabla hata sijashusha mkoba: "Nimejua tatizo. Ni hewa ya Ngamiani. Mashine hii haipendi Ngamiani. Inataka upepo wa bahari."

Akavuta ukili wake, akaukaza.

"Basi hamia Ushongo."

"Nani, mimi?"

"Ama iozeshe huko mashine, weye ubaki hapa."

Siku ya pili yake nilikuna nazi za kashata. Ikaziba kabla ya adhana ya adhuhuri. Nikasema, unaona? Hewa.

Daktari hakutaka habari ya hewa. Ni mtu wa maneno machache, anatazama karatasi kuliko anavyokutazama. Akaniambia, "Sikiliza mama. Sindano za zamani zilikuwa zinakuachia akiba mwilini. Mashine haiachi akiba. Ikiziba, saa chache tu upo wodini. Siwezi kukuacha hivi. Nakupa wiki tatu. Ikiwa bado inaziba, tunaivua, tunarudi kwenye sindano."

Nikatoka pale nikishika nyusi yangu ya kushoto.

Nesi akanifuata mpaka kwenye benchi. Akanipa daftari. Kila kikiziba niandike tarehe, saa, nilipobandika, na nilikuwa nafanya nini. Na vile vimrija nisitupe, niviweke kwenye kopo lenye kifuniko, nimletee avione.

Hapa ndipo penye aibu yangu ya pili, na hii jirani hakuwa anaijua yote. Miaka mingi nyuma, kwenye kliniki hiyo hiyo, kulikuwa na nesi mwingine, mkali, aliyegundua kwamba ninapika kashata na ninaonja. Alinisema mbele ya benchi zima. Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba kesho yake naacha. Wakaandika kwenye faili: ameacha. Nesi yule akahama, faili likabaki, na mimi nikabaki na kiapo changu. Tangu siku hiyo, ndani ya ile kliniki, mimi ni mama wa nyumbani. Wakiniuliza kazi, nasema nipo nipo tu.

Kwa hiyo daftari nililijaza kwa mwandiko wangu wa kidato cha nne, safi kabisa, na kwenye ile sehemu ya nilikuwa nafanya nini nikaandika: kazi ndogo ndogo. Mara ya pili: kazi ndogo ndogo za ndani. Mara ya tatu, ili isifanane, nikaandika: nilikuwa napumzika kidogo.

Zilikuwa zimebaki siku tano wiki tatu ziishe nilipopata oda ya kashata za harusi. Nazi thelathini. Nilipaswa kukataa. Lakini mwenye harusi alikuja mwenyewe, akasema bila kashata zangu harusi haijakamilika, na mimi ukinisifia mbele ya watu unaweza kunitwisha hata gari.

Nikaanza baada ya sala ya alfajiri. Nimekaa juu ya mbuzi, kifua mbele, magoti huku na huku, nakuna nazi moja naingia nyingine, iliyokunwa inamwagika kwenye sinia. Kwa mtu asiyejua mbuzi ya nazi: ni kigoda kifupi cha kukunjua, mbele kina ulimi wa chuma wenye meno. Unakaa juu yake kama umepanda punda, unainama, unaizungusha nazi kwenye meno yale. Kazi yenyewe haina ugumu, ila haina uzuri wa kutazamwa.

Kufika saa nne nilikuwa nimekunywa mtungi. Nikajiambia ni jua. Saa tano nikatapika uani, karibu na bomba. Nikajiambia ni harufu ya samaki wa jirani. Jirani hakuwa ameanza kupika samaki.

Akaweka ukili chini. Katika miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumwona anaweka ukili chini kabla ya alasiri.

"Pima."

"Nitapima nikimaliza hizi nne."

"Pima weye! Au nikupimie kwa mwiko?"

Nikapima. Kipimo hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kusoma, yaani kimekata tamaa. Nikajidunga sindano ya akiba, nikang'oa plasta, nikakitia kimrija kwenye kopo. Jirani alikwisha toka barabarani kuita bajaji. Akarudi, akanitupia baibui yangu, akaniambia nisithubutu kumtapikia.

Kliniki wakanilaza kwenye kitanda cha pembeni, wakanitundikia maji, wakapima mkojo, wakatingisha vichwa. Kufika saa nane nilikuwa nimeanza kuona watu mmoja mmoja badala ya wawili wawili. Nesi akaja na kopo langu. Alikuwa amevitoa vimrija vyote na kuvipanga juu ya karatasi nyeupe, kama mtu anayepanga dagaa. Saba.

"Mama, tazama. Vyote vimepinda. Na vyote vimepinda pale pale, katikati. Hii si dawa wala si joto. Kuna kitu kinakukunja hapa." Akaonyesha tumbo langu, vidole vinne chini ya kitovu. "Unafanya nini hasa ukiwa nyumbani?"

"Kazi ndogo ndogo."

"Kama zipi?"

"Kufagia. Kukunja nguo."

"Kukunja nguo hakufanyi hivi."

Jirani alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Akanitazama. Nikamkonyeza anyamaze. Akalikubali konyezo langu kama anavyolikubali karipio la mbu. Akainuka, akavuta kile kigoda cha kupandia kitandani, akakikalia, akatanua magoti ndani ya baibui, akashika mkoba wake kwa mikono miwili kama nazi, akainama mpaka kidevu kikakaribia mapaja, akaanza kuukuna mkoba hewani, kwa nguvu, krr, krr, krr, huku ananitazama mimi.

"Hivi," akasema. "Tangu alfajiri. Nazi thelathini."

"Nazi za nini?" nesi akauliza.

"Za kashata. Auza kashata huyu. Weye hujui? Ngamiani nzima yajua."

Kuna picha ya matunda ukutani pale kliniki. Niliitazama sana ile picha. Mpaka leo naweza kukuambia papai liko wapi.

Nesi hakunisema. Afadhali angenisema. Alinikalisha kwenye kile kigoda, dripu na yote, akaniambia niiname kama jirani. Nikainama. Akaweka vidole vyake pale ninapobandika siku zote. Tumbo likavikunja vidole vyake katikati, likavibana, akashindwa kuvitoa mpaka nilipoinuka. Akacheka mwenyewe, kisha akajizuia, kisha akacheka tena.

"Kumbe kashata zile zenye iliki nyingi ni zako?" akasema. "Mbona tunazila hapa kila Ijumaa."

Tangu hapo mambo yakawa mepesi kiasi cha kuchukiza. Tumbo la mbele likapewa likizo. Ngozi yake ilikwisha kuwa na vinundu kwa kuchomwa hapo hapo miezi yote. Nesi akachagua mahali pasipokunjika nikikaa wala nikiinama: ubavuni kwa nyuma, juu ya tako, chini kidogo ya pale ninapofungia kanga. Akanionya nisikaze kanga juu yake. Akanionya kipimo kikipanda mara mbili mfululizo nisingoje kumaliza nazi nne. Kwenye faili akakata neno moja, akaandika jingine juu yake. Sikusoma. Nilijua.

Tatizo likabaki moja: pale nyuma sipaoni. Nilijaribu kwa kioo, nikajichoma kidole. Nikajaribu kwa kupapasa, plasta ikashika kanga badala yangu. Mwishowe nikavuka ua, kichwa chini, nikamwomba jirani.

Siku ya ahadi ya daktari nilikwenda na daftari lenye kurasa mbili mpya. Nazi ishirini, haikuziba. Nazi kumi na tano, haikuziba. Mkate wa kumimina na kashata siku moja, haikuziba. Yote nimeandika kwa majina yake. Daktari akasoma, akageuza ukurasa, akasoma tena. Akasema mashine ibaki. Akasema pia, na haya ni maneno yake, kwamba nimelifuatilia tatizo kwa makini.

Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Ilikuwa siku ya kubadilisha. Jirani akanawa mikono, akaosha pale mahali kwa sabuni, akangoja pakauke, kazi ameijua kuliko mimi. Nami nimesimama nimeegemea mlango, kanga nimeishusha upande, namhadithia jinsi daktari alivyonisifu kwa kufuatilia, kwa kuandika, kwa kugundua. Nikalirudia hilo la kugundua mara mbili. Nikamwambia Jumapili kuna msiba Chumbageni, wameniita nikate vitunguu.

Akanichoma. Akabonyeza plasta kwa kiganja, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Hukugundua kitu weye," akasema. "Uliona haya kusema wauza kashata, ukaona bora ufe na heshima yako. Haya, funga kanga yako, samaki wangu aungua."